Sahani za Mama wa Bulaya

Sahani ya kwanza niliyompelekea ilirudi imeoshwa, imefutwa, inang'aa kuliko siku niliyoinunua, na tupu. Tupu kabisa! Nilikuwa nimempelekea mikebuka miwili ya kukaanga na bukari, ugali wa moto, kama tunavyomkaribisha yeyote anayehamia mtaani. Kesho yake akasimama mbele ya baraza yangu, sahani mikononi, akasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani:

"Aksanti sana, mama. Samaki wako walikuwa watamu."

Nikaipokea. Nikaiangalia. Nikaigeuza. Hata kitunguu kimoja? Hata kijiko cha chumvi? Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa unachuma majani ya lenga-lenga nyuma ya nyumba, unayaweka pale, unarudisha. Jioni nikamwambia mume wangu, "Yule mwanamke ama ana mkono wa birika, ama ana maringo." Mume wangu akavua viatu vyake taratibu, akajibu, "Ametoka Bulaya." Kana kwamba hilo ni jibu.

Tulikaa kwenye nyumba za reli, juu kidogo ya stesheni, nyumba za matofali ambazo Wabelgiji walijengea makarani wao. Mume wangu aliandikisha mizigo inayopanda treni kutoka bandarini. Mume wa jirani yangu alikuwa ametumika miaka kadhaa katika biro, ofisi ya ubalozi, kule Angletere, yaani Uingereza, kisha akarudishwa na kupewa kazi ya biro hapa Kalemie. Kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Faida. Yeye hakuwa na mtoto, basi mtaa ukampa bara zima: Mama wa Bulaya.

Nilizaa wavulana wanne, ndipo nikampata Faida, msichana wangu wa pekee, na baada yake sikuzaa tena. Nalisema hili mapema ili mtu asinione mgomvi wa bure. Wivu wangu kwa yule mama ulianza na sahani, ukapitia kwenye ua na mapazia, lakini mzizi wake ulikuwa ni huyo mtoto. Niliogopa ataninyang'anya. Mengine yote ni matawi.

Ua huo sasa. Kabla yake hapakuwa na ua kati yetu. Kila mtu alipita kwenye lupango, kiwanja cha mwenzake, kwenda bombani, ukipita unaonja mboga ya jirani, unaangalia kama mtoto amepoa homa, unaendelea. Mwezi ule aliofika, Mama wa Bulaya akapanda miti midogo kuzunguka nyumba yake yote. Ilipokua akawa anaikata kila Jumapili baada ya misa, kwa mkasi mkubwa aliokuja nao, mpaka juu pakawa sawasawa kama meza. Siku za salongo, Jumamosi, serikali ilipotutoa wote kufyeka majani ya barabara, sisi tulikuja na mapanga na majembe, yeye akaja na mkasi wake! Tukacheka mpaka machozi. Lakini mkubwa wa mtaa, na koti lake la abakosti limebana kitambi, akasimama mbele ya ule ua akasema, "Muangalie mwananchi huyu! Hii njo usafi!" Kicheko kikanikauka mdomoni. Mimi nilikuwa nimefyeka tangu asubuhi na hakuna aliyeniona.

Kwenye ua akaweka kilango cha mbao, rangi ya kijani, na komeo. Kwetu unapiga hodi ukiwa umeshafika katikati ya nyumba. Kwake ulisimama nje. Ungesikia "Nakuja" kutoka ndani, kisha angetoka, afunge mlango nyuma yake, aje akusikilize kilangoni. Nikawaambia wanawake bombani, "Ananiongelesha kwenye kilango kama namuuzia makala ya kupikia!" Wao walicheka, mimi sikucheka. Nilitaka kuingia. Nilitaka kuona ndani kuna nini. Madirisha yake yote yalikuwa na rido, mapazia mazito ya Bulaya yenye maua ya bluu, na mimi yangu yalikuwa vipande vya kikwembe, kitenge kilichochakaa. Miaka yote ile sikuwahi kukalia kiti chake hata kimoja.

Faida ndiye aliyepita pale bila hodi.

Alianza akiwa mdogo, labda alivutwa na mkasi. Nikimtafuta namkuta amekaa kwenye ngazi ya jirani, mikono magotini, anasimuliwa. Mimi nami nikawa nahamishia kinu changu karibu na ua nitwange sombe, majani ya mihogo, nikisikiliza. Msiniulize kwa nini. Ndivyo nilivyoijua Angletere, kwa masikio, katikati ya mchi na mchi.

Kumbe hakukaa Londoni penyewe. Walikaa pembeni, mwendo wa treni, mahali ambapo watu wanalala tu na kazi yao iko mjini. Nyumba zimeungana mbilimbili, ukuta mmoja kati ya watu wawili wasiojuana. Asubuhi wanaume wote wanatoka pamoja, kila mmoja na mwavuli na gazeti lake, wanashuka stesheni, kila mmoja anasimama mahali pake palepale pa jana, na hakuna anayemwambia mwenzake neno isipokuwa habari ya mvua. Treni ikiwachukua, barabara inanyamaza mpaka unasikia saa ya ukutani. Mchana anapita mtu wa posta, anapita paka, basi. Maziwa yanaachwa mlangoni ndani ya chupa.

"Na hakuna anayeiba?" Faida akauliza.

"Hakuna."

"Ata mutoto?"

"Ata mutoto. Jumamosi wanaosha gari, Jumapili wanakata ua. Jioni treni inawarudisha, unasikia funguo, mulango huu, mulango ule, halafu kimya."

Mama yangu, nilisimamisha mchi! Nilijaribu kuwaza siku moja ya namna hiyo. Siku ambayo hakuna anayekuja kuomba chumvi. Siku ambayo shemeji hatokei kutoka Niemba na kuku mmoja na watoto watatu, kukaa mpaka mvua ziishe. Niketi tu, nisikie saa. Yule mwanamke alikuwa ameipata siku hiyo, tena miaka na miaka, akarudi nayo Kalemie akaipandia ua pande zote. Nikamchukia kwa hilo, nawaambia kweli.

"Sasa majirani wanakuonaje?" Faida hakuchoka kuuliza.

"Kwa rido. Kule hawaji kwako, lakini wanaona. Ukipita barabarani, rido inatikisika kidogo. Mwaka wa kwanza nilizania ni upepo."

Jirani wa upande wa pili wa ukuta hakuwahi kumwona uso, alimjua kwa kukohoa tu. Asubuhi kikohozi kimoja, usiku viwili, na siku kikikosekana alikosa raha. Hapo ndipo alipopata msemo wake. Sisi tukianza kumsema mtu kwamba anagombana na mke wake, kwamba amefukuzwa kazi atelie, karakana ya treni, yeye anasema polepole, "Muache. Kila nyumba na kikohozi yake." Msemo huo ukaenea mtaani. Siku mume wangu alipouleta mezani kwangu nikamwambia akale huko alikoutoa.

Na mume wake je! Alitembea na mwavuli hata kiangazi, jua la kupasua kichwa. King'ora cha atelie kikilia wanaume wetu wanashuka kwa makundi, wanataniana, wanaazimana tumbako, naye anashuka peke yake ukingoni mwa barabara, mwavuli mkononi. Jioni mke wake anamngoja kilangoni, anapokea mwavuli, wanaingia. Hakupandisha sauti juu yake hata siku moja. Wangu alipandisha mpaka vifaranga vikakimbia. Niongeze hilo kwenye mzigo wangu.

Lakini mtu si kitu kimoja. Mama wa Bulaya aliyefunga kilango kwa wazima, kwenye kilio alikuwa wa kwanza. Mtu akifa mtaani, kabla sisi hatujafunga vikwembe kiunoni, yeye ameshafika na mkeka wake wa kukunja, na sauti ile ya kanisani inageuka kuwa sauti inayosikika mpaka ziwani. Analala chini na wafiwa mpaka matanga yaishe. Siku moja kwenye matanga ya mke wa dereva wa treni nikamuuliza, nusu nikimchokoza:

"Na kule Bulaya, mama, mulikuwa mukilia namna gani?"

Akatusimulia. Mwaka wake wa kwanza aliona gari jeusi kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, watu wenye nguo nyeusi, maua. Akaelewa kuna kilio. Angekaaje ndani? Akajifunga kikwembe, akafunga kichwa, akachukua mkeka huuhuu na unga kidogo kwenye bakuli, akavuka barabara akilia kwa sauti.

"Mungu wangu! Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mama Faida. Marido yote ya barabara yakatikisika."

Mlango ukafunguliwa na mjane, mwanamke mzee, mwembamba, peke yake. Wale wenye nguo nyeusi walikuwa wamekunywa chai na kwenda zao. Akamuuliza kama amepata ajali. Akamuuliza kama amepotea. Yeye Kiingereza alikuwa hajakijua, maneno hayo alikuja kuyaelewa baadaye, akaingia tu, akatandika mkeka juu ya zulia, akakaa, akaendelea kulia. Mjane akasimama, akakaa, akaleta chai. Chai ikapoa. Mwishowe yule mzee akashuka kwenye kiti chake, akakaa chini na sketi yake, akaanza kulia naye. Jirani yangu alilala kule mpaka mume wake alipokuja kumtoa, amekufa kwa haya, akiomba msamaha kwenye mlango.

"Baadaye?"

"Baadaye kila wiki alikuwa akiniletea maua ya bustani yake. Anaweka mulangoni, anaenda. Miaka yote. Ndani mwangu hakuingia ata siku moja."

Wanawake wote wakasikitika, mmoja akajifuta macho. Mimi je? Mimi nikamwonea wivu yule mjane wa Kizungu. Yeye alifunguliwa mkeka, na mimi jirani yake wa ua kwa ua sijaonyeshwa hata kigoda. Ona roho ya binadamu ilivyo.

Wakati huo Faida alikuwa ameshaanza kugeuka. Alifunga milango bila kelele. Alikunywa chai ya maziwa akishika kikombe kwa vidole viwili. Na nikimwita, haitiki! Kwetu mtoto anaitika palepale alipo, kwa sauti, majirani wasikie kwamba amefundwa. Faida alikuwa anatembea mpaka nilipo, anasimama mbele yangu, ndipo anasema taratibu, "Niko hapa, mama." Nilimwita mara nyingine bila haja yoyote, nisikie tu kama ataitika kama mtoto wangu. Hakuitika.

Siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa shuleni nilikuwa jikoni. Nikasikia makofi. Nikasikia mtu anacheka, tena mtu mzima anaruka, na sauti ya Mama wa Bulaya: "Umefaulu! Mutoto wangu, umefaulu!" Habari ya mtoto wangu kufaulu niliisikia kupitia ua. Mutoto wangu, alisema. Nikaondoka pale na mwiko mkononi, nikafika kilangoni, sikupiga hodi.

"Mama," nikamwambia, "kinu changu ukitaka, chukua. Chungu, chukua. Lakini mutoto haazimwi kama kinu."

Faida akainamisha kichwa. Nilingoja yule mama anijibu vibaya nipate pa kushika. Akaniangalia, akafungua kilango, akamsukuma Faida mgongoni kidogo.

"Umesema kweli, Mama Faida," akasema. "Faida, nenda kwenu. Mama yako alipaswa kusikia wa kwanza."

Na mimi nikarudi na mtoto wangu na mwiko wangu, nimeshinda, na ushindi haukuwa na ladha.

Yule mama hakuacha lakini. Ni yeye aliyemwingizia baba yake Faida kichwani wazo la kumpeleka Lubumbashi kusomea uuguzi. Nilisema ni mbali, ni msichana, kule hatuna ndugu. Mume wangu akasema, "Mama wa Bulaya alisafiri mbali zaidi." Jina hilo tena! Siku ya safari nilimfungia Faida ndagala wa kukausha, karanga, unga wa mihogo, mzigo ambao mpaka kaka zake walilalamika. Jirani alimletea triko ya sufu aliyoisuka mwenyewe, kwa sababu Lubumbashi kuna baridi. Treni ilipoanza kwenda, Faida akatoa kichwa dirishani akitupungia. Ndagala wangu walikuwa chini ya benchi. Triko ilikuwa mwilini.

Basi akasoma, akamaliza, na habari ikaja kwamba anarudi kwa treni ya wiki ile. Na desturi iko wazi, haina haja ya mwalimu: mtoto akitoka safari anaanzia kwa mama yake. Maji ya kwanza anayokunywa ni ya mama yake. Lakini kutoka stesheni, nyumba ya kwanza unayoikuta ni ya jirani, kisha yangu. Sikulala vizuri. Nilijiambia, akiingia kwake kwanza, basi nimeshindwa kabisa, na jina la Mama Faida nalivua.

Nilikaanga mikebuka tangu asubuhi. Nikakaa barazani, nyuma ya nguzo, nikiangalia barabara. Akatokea. Alikuwa amekuwa mwanamke, anatembea wima, sanduku mkononi, triko mabegani, na jua lote lile! Akafika kwenye kilango cha kijani. Akasimama.

Nikaishika nguzo.

Akaweka sanduku chini, akasukuma. Kilango hakikufunguka. Kulikuwa na kufuli. Miaka yote kilikuwa na komeo tu, kufuli sikuwahi kuiona.

"Hodi! Mama, hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Akangoja, akaokota sanduku, akaja. Nami nikatoka nyuma ya nguzo nikapiga vigelegele kama mtu asiyejua lolote, nikamkumbatia, nikamnywesha maji kwa mkono wangu. Lakini juu ya bega lake niliona dirisha la jirani. Rido ilitikisika kidogo. Upepo haukuwepo siku hiyo.

Habari ya rido nikabaki nayo. Bombani niliwaambia wanawake wote kwamba Faida alianzia kwangu. Nikarudia tena na tena, mpaka wakachoka. Jirani akaja kesho yake kumsalimia, akashangilia, akauliza habari za safari kama wengine, na kufuli sikuiona tena pale.

Miaka michache baadaye mume wake alimaliza kazi, wakaamua kurudi kwao Moba. Siku ya kuondoka nikakaanga mikebuka miwili, nikasonga bukari, nikaweka kwenye sahani yangu ya maua, ileile ya kwanza. Kilango kilikuwa wazi. Mume wake alikuwa ameshashuka bandarini na mizigo. "Hodi," nikasema, na safari hii miguu yangu haikusimama.

"Ingia, Mama Faida. Ingia tu."

Nikaingia. Nilikuwa nimeiwazia nyumba ile kwa miaka mingapi, na kumbe kuta zake zilikuwa rangi ileile ya zangu, rangi ya reli, na unyevu ulikuwa umekula kona ileile. Rido zilikuwa zimeshatolewa. Ule mkeka ulikuwa umekunjwa karibu na mlango. Kilichobaki ni kiti kimoja, kimewekwa dirishani, akanionyesha nikae. Nilipokaa nikaona baraza yangu yote. Niliona wajukuu wangu wanagombania mpira wa matambara, vikwembe kwenye kamba, Faida anasuka nywele za mke wa kaka yake na wote wanacheka kwa kelele. Sikujua kama nyumba yangu inaonekana hivyo.

Yeye alikaa chini kwenye sakafu, akaanza kula kwa mkono, kwa hamu.

"Siku ile Faida alirudi kutoka Lubumbashi," nikasema, "ulikuwa ndani."

"Nilikuwa kwenye hicho kiti."

"Alipiga hodi."

"Mara mbili." Akatoa mwiba mdomoni. "Niliuma kikwembe nisiitike."

"Juu ya nini sasa, mama? Ulimungojea kuliko mimi. Uliisuka ata triko!"

Akasema kwa ile sauti ya chini, "Mama Faida, sahani zako nilikuwa nazirudisha tupu. Nilikaa sana Bulaya, nikasahau. Nilipokumbuka, niliona haya kuanza. Lakini uliniambia mutoto haazimwi kama kinu, na mimi nilikuwa nimeshamuazima, zamani. Nilitaka akurudie wewe kwanza. Na asirudi mutupu."

Ule ushindi wangu niliotangaza bombani, kumbe alinipa yeye, akaukabidhi kwa mikono miwili na kufuli juu. Na mimi, badala ya kutulia, wivu ukanipanda upya kuliko siku zote. Kwa sababu najijua. Ningekuwa mimi nyuma ya ile rido, ningefungua kabla hodi ya kwanza haijaisha.

Alipomaliza kula akainuka akaoshe sahani. Nikamshika mkono.

"Iache. Enda nayo."

"Moba? Nitairudisha namna gani?"

"Utajua mwenyewe. Lakini usisubutu kunirudishia tupu!"

Akacheka. Si kicheko cha kanisani. Alicheka kwa sauti, na chumba kile kitupu kikarudisha kelele yote. Kule barazani Faida akainua kichwa, akageukia dirisha lisilo na rido, na akaitika palepale alipo, kwa nguvu, mtaa mzima ukasikia:

"Mama!"

Hakuna hata mmoja wetu aliyemwita. Tukaitika wote wawili.